Mke Ana Mkataba, Mume Ana Laptopu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanandoa wa Pasi Mbili Wanaohamia Ujerumani

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni Mkenya. Kazi ya Ujerumani niliipata mimi. Yeye alikuwa Nairobi akiwafungia watu mahesabu ya biashara, na wateja wake hakutaka kuwaacha. Tangu tuhamie Leipzig haupiti mwezi bila mtu kunipigia na maswali yaleyale, mengine alfajiri kwa sababu amesahau tofauti ya saa. Nimeyakusanya hapa.

Viwango vya pesa ni vya mwaka 2025, na vingi hubadilika kila Januari. Ukisoma utaona swali moja linajirudia chini kwa chini: karatasi hii ni ya nani? Pale uwanja wa ndege ndoa haiingii nchini. Wanaingia watu wawili, kila mmoja na jina lake na sababu yake.

## Kabla ya kuanza

1. Pasi zetu ni za nchi tofauti. Hilo linaharibu kitu?

Kwenye viza, hapana. Mtanzania, Mkenya, Mrundi na Mkongo wako kapu moja: wote wanatakiwa kuwa na viza kabla ya kupanda ndege. Mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi ambao Kenya na Ujerumani zilisaini Berlin Septemba 2024 uliwafanya watu wengi wadhani Mkenya ana mlango wake wa pembeni. Hana. Masharti ya viza ni yaleyale.

Pasi mbili zinaanza kuuma kwingine: kwenye hati (swali la 7 na la 8), kwenye uraia (la 18) na kwenye mtoto (la 19).

2. Lazima tuwe tumefunga ndoa?

Kwa njia ninayoieleza hapa, ndiyo, na ndoa iwe na cheti cha serikali. Uchumba wa miaka sita, mahari iliyokwisha kulipwa, picha za harusi ya kimila zenye watu mia nne: ubalozini hivyo vyote ni hadithi nzuri tu. Kenya ndoa za kimila zinasajiliwa, kwa hiyo kasajilini. Tanzania fuatilieni cheti cha RITA, wakala wa usajili wa serikali, na aliyefungia Zanzibar aende kwa wakala wa usajili wa huko. Ndoa ya msikitini au kanisani inatosha ikiwa imesajiliwa. Karatasi ya sheikh au ya padri pekee haitoshi.

Kama bado, piga hesabu ya muda. Ndoa ya serikali, Kenya na Tanzania, inatanguliwa na tangazo la siku 21, na mgeni kati yenu ataombwa hati ya kwao inayoonyesha kwamba hana kizuizi cha ndoa. Sisi tulifungia Nairobi, Sheria House. Karatasi yangu ya kutoka Dar ndiyo iliyotuchelewesha. Kila kitu cha Nairobi kilikuwa tayari.

Wote wawili mnatakiwa muwe mmetimiza miaka 18.

3. Hii Blue Card ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni kibali cha ukaazi cha mtu mwenye shahada, au mtaalamu wa kompyuta mwenye uzoefu hata kama hana shahada, aliyepata kazi yenye mshahara wa kiwango fulani. Kwa 2025 kiwango hicho kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato. Kwa kazi zenye uhaba wa watu, pamoja na waliomaliza chuo karibuni, kilikuwa euro 43,759.80.

Inatajwa sana kwa sababu ya mwenza. Mwenza wa mwenye Blue Card hatakiwi kuonyesha cheti cha Kijerumani ili apate viza, na anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayotua. Kwa mwenyewe kuna nafuu nyingine: anaweza kupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, au miezi 21 akiwa na B1, yaani cha kati.

Shahada yenyewe lazima itambulike. Kwanza tafuta chuo chako kwenye hifadhidata ya anabin. Chuo au shahada yako isipoonekana humo vizuri, unaomba tathmini kwa ofisi inayoitwa ZAB, ada euro 208. Wauguzi na madaktari wana safari yao nyingine, kwa sababu taaluma zao zinahitaji leseni ya jimbo. Majibu ya hapa yatawafaa nusunusu.

4. Kwa hiyo mwenza asijisumbue na Kijerumani?

Viza haikidai, lakini maisha yatakidai wiki ya kwanza tu, pale fundi wa joto atakapogonga mlango na wewe mwenye mkataba uko kazini. Goethe-Institut ipo Nairobi, Monrovia Street, na ipo Dar, Upanga, Alykhan Road. Mwenza aanze kule nyumbani, wakati kichwa bado kimetulia. Mume wangu alisema atajifunza akifika. Alipofika alikuwa na wateja, baridi na makaratasi, na kozi ikasogea kwa miezi mitano.

5. Mume wangu mwenyewe ni Mjerumani. Nafuu yangu ni kubwa zaidi, sivyo?

Hapa ndipo watu hushangaa. Anayemfuata mwenza Mjerumani, kwa kawaida, anadaiwa cheti cha A1 kabla ya viza. Anayemfuata Mfaransa au Mwitaliano anayeishi na kufanya kazi Ujerumani hadaiwi, na viza yake ni ya bure, kwa sababu yeye anaingia kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya uhuru wa kuhama. Mke wa Mjerumani anaingia kwa sheria ya Ujerumani. Waingereza walitoka kwenye nafuu hiyo pamoja na nchi yao.

## Hati na viza

6. Kila mmoja aombe viza kwenye ubalozi wa kwao?

Hapana, na kosa hili linakula miezi. Ubalozi wako ni ule wa nchi unayoishi kihalali. Rangi ya pasi haihusiki. Mtanzania anayeishi Nairobi kwa kibali anaomba Nairobi. Akikimbilia Dar kwa kuwa "ndiko nyumbani", ataulizwa anaishi wapi.

Tangu Januari 2025 maombi mengi ya viza ya muda mrefu yanaanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani. Unapakia hati, zinakaguliwa, kisha unaitwa kwenda na pasi na kutoa alama za vidole. Ada ni euro 75 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto.

7. Majina yetu hayafanani kwenye karatasi. Ni tatizo?

Ndilo tatizo. Kama una jioni moja tu ya kujiandaa, itumie hapa.

Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu au ukoo. Kwenye cheti cha kuzaliwa huenda yameandikwa mawili, kwenye kitambulisho cha NIDA matatu, kwenye cheti cha shule yamegeuzwa mpangilio. Mkenya naye ana jina la ubatizo lililoingia kwenye kitambulisho na halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwetu hayo ni mambo ya kawaida, kila mtu anajua ni wewe. Karani wa Ujerumani anaona watu watatu.

Kaeni mezani, tandazeni hati zote za wawili, na msome herufi kwa herufi. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo tukiwa na kalamu nyekundu, tukakuta cheti cha ndoa kimelipunguzia jina la baba yangu "h" moja. Kusahihisha kabla ya kuomba viza kulichukua wiki chache. Rafiki yetu aliligundua kosa la namna hiyo baada ya kuomba, na likamla miezi mitano. Kinachowezekana kusahihishwa kwa msajili kisahihishwe huko. Kisichowezekana, chukua hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

Na msidhani mke lazima achukue jina la mume. Hakuna anayelidai. Halafu jina jipya linamaanisha pasi mpya kabla ya safari.

8. Hati zinathibitishwaje ili zikubaliwe?

Inategemea imetolewa na nchi gani, kwa hiyo kwenye ndoa yenu kutakuwa na njia mbili kwa wakati mmoja. Hati za Kenya ubalozi wa Ujerumani hauzigongi muhuri wa uthibitisho. Ofisi inayozihitaji inaweza kuagiza zihakikiwe pale zilipotolewa, na gharama ni yenu. Za Tanzania fuateni orodha ya ubalozi wa Dar, maana ina maelekezo yake. Burundi imo kwenye mkataba wa apostili, ule wa muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi wanachama, ila Ujerumani iliweka pingamizi dhidi yake, hivyo Mrundi asitegemee muhuri wa kwao, aulize ubalozi kwanza.

Tafsiri ya Kijerumani ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Hata kama shangazi yako amekaa Hamburg miaka thelathini, yake haikubaliki.

9. Mwenye kazi atangulie, au tuondoke pamoja?

Mimi nilitangulia miezi minne. Ningeulizwa leo, ningesubiri.

Sababu za kutangulia ni za kweli: kazi ina tarehe, nauli ni nyingi, na mkataba wa Ujerumani una kipindi cha majaribio kinachoweza kufika miezi 6, ambapo mwajiri anaweza kukuachisha kwa taarifa ya wiki mbili. Wengine hawataki mwenza aache kila kitu kabla kipindi hicho hakijaisha. Mwenye watoto shuleni nitamwelewa.

Ila mume wangu alipofika alikuta maisha yangu, yeye mgeni ndani yake. Mkataba wa nyumba ulikuwa na jina langu, intaneti jina langu, akaunti ya benki jina langu, na mimi nilishajua tramu namba ngapi inakwenda wapi. Alikuwa akiniomba nenosiri la kila kitu kama mtoto. Ilituchukua karibu mwaka kulirekebisha, na siyo bila maneno.

Mkitaka kuondoka pamoja, mwulizeni mwajiri kuhusu utaratibu wa haraka wa wataalamu. Anauanzisha yeye huko Ujerumani, ada ni euro 411, na mwenza na watoto wadogo wanaweza kuunganishwa humo ikiwa maombi yao yanaingia ndani ya miezi sita. Waajiri wengi hawautaji mpaka waulizwe.

## Siku za kwanza

10. Kitu cha kwanza kufanya tukifika?

Anmeldung, yaani kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu kuingia kwenye nyumba. Mnakwenda na pasi, cheti cha ndoa na karatasi ambayo mwenye nyumba ametia saini kukiri kwamba mnaishi kwake. Bila Anmeldung hakuna namba ya kodi, na benki nyingi na ofisi ya uhamiaji ya mji zitawatazama tu.

Halafu nendeni dukani mkanunue kibandiko cha kisanduku cha barua. Nasema kwa uchungu. Posta ya Ujerumani inapeleka barua kwenye jina, na jina lisipokuwepo kwenye kisanduku barua inarudi ilikotoka hata kama anwani ni sahihi. Kisanduku chetu kilikuwa na jina langu tu. Barua ya namba ya kodi ya mume wangu ikaenda na kurudi, na sisi tunalaumu ofisi. Siku moja jirani wa ghorofa ya pili, mama mtu mzima asiyejua hata neno moja la Kiingereza, alimshika mkono mume wangu, akampeleka mpaka kwenye visanduku, akagonga chetu kwa kidole mara mbili. Mume wangu akaandika jina lake kwa kalamu nene kwenye plasta, akalibandika chini ya langu. Plasta ile ipo mpaka leo.

11. Nyumba tuipateje tukiwa bado Afrika?

Kwa shida. Wenye nyumba wanataka hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, na mgeni hana chochote kati ya hivyo. Wengi huanza na chumba cha muda chenye samani, mradi kiwe kinaruhusu Anmeldung kwa watu wawili. Ulizeni hilo kabla ya kulipa. Amana haizidi kodi ya miezi mitatu, na sheria inaruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Anayetaka amana itumwe kabla hamjaiona nyumba ni tapeli.

Mkipata nyumba ya kudumu, mkataba uwe na majina yenu wawili. Tazama swali la 9 uone kwa nini.

12. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania inafaa?

Kwa miezi 6 tangu muanze kuishi. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa vitendo, kana kwamba hujawahi kuendesha Mombasa Road saa kumi na moja jioni. Nadharia inaweza kufanywa kwa Kiingereza. Kiswahili hakimo.

## Kazi na pesa

13. Mwenza anaruhusiwa kufanya kazi yoyote?

Ndiyo: kuajiriwa, kujiajiri, kazi ndogo za saa chache, bila kuomba ruhusa nyingine. Kibali chake kitaandikwa Erwerbstätigkeit erlaubt, yaani kazi inaruhusiwa. Mwajiri anayesita aonyeshwe maneno hayo mawili. Kazi zenye leseni, kama uuguzi, bado zinataka leseni.

14. Anaweza kuendelea na wateja wake wa Nairobi akiwa Ujerumani?

Anaweza, lakini aache kuwaza kwamba pesa ikilipwa Kenya kazi imefanyika Kenya. Kazi imefanyika alipokaa na laptopu yake. Akishakuwa mkazi wa Ujerumani, kipato chake chote duniani kinatangazwa Ujerumani.

Aliyejiajiri anajisajili kwa ofisi ya kodi, na huko wataamua kama kazi yake ni ya kitaaluma huria au ni biashara inayohitaji usajili wa ziada. Kenya ina mkataba na Ujerumani wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili tangu miaka ya 1970. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo mwenye wateja Dar ambao wanamkata kodi ya zuio atunze kila risiti, maana atazihitaji kuomba kupunguziwa upande wa Ujerumani.

Aliyeajiriwa na kampuni ya nyumbani isiyo na ofisi Ujerumani ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mshahara wake unadaiwa michango ya bima za jamii ya Ujerumani na mwajiri wa Nairobi hajui hata inalipwa wapi. Wengi huishia kubadilisha mkataba kuwa wa mtu aliyejiajiri. Kabla ya hapo lipeni saa moja ya mshauri wa kodi. Sisi tuliikwepa gharama hiyo mwaka wa kwanza, tukailipa mara tatu mwaka wa pili.

15. Bima ya afya ya mwenza inalipwa na nani?

Ikiwa mwenye kazi yuko kwenye bima ya umma na mwenza hana kipato, au kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa (mwaka 2025 kilikuwa euro 535 kwa mwezi), anaingia kwenye bima ya familia bila kulipa chochote. Aliyejiajiri kama shughuli yake kuu hana nafasi humo. Anajilipia mwenyewe, na mchango wake unapangwa kwa kipato.

Ndiyo maana mume wa laptopu ana mambo mawili ya kupima: faida ya wateja wake, na bima ambayo faida hiyo inamlazimu ailipe. Kwa mwenye wateja wawili wadogo, hesabu inaweza kutoka hasara.

Mwenye mshahara mkubwa atashawishiwa ahamie bima binafsi. Huko hakuna bima ya familia. Kila kichwa kina mkataba wake. Kijana asiye na mtu itamfaa. Sisi wenye mwenza na nia ya watoto tuliikataa.

16. Nimesikia cheti cha ndoa kinapunguza kodi. Ni kweli?

Cheti cha ndoa peke yake hakitoshi. Mwenza lazima awe anaishi Ujerumani. Miezi ile minne niliyokuwa peke yangu nilikatwa kwa kundi la kodi la I, kama mtu asiye na ndoa. Mwenza akifika na kujiandikisha, mnawekwa kundi la IV wote wawili, na mkitaka mnaomba III na V, ambapo mwenye mshahara mkubwa anakatwa kidogo kila mwezi.

Mwisho wa mwaka mkijaza ritani pamoja, mahesabu ni ya mwaka mzima hata kama mwenza alifika Novemba. Kipato alichopata nyumbani kabla ya kufika kitatajwa, nacho kinapandisha kiwango cha kodi yenu. Kundi la V lina ubaya wake: mwenza mwenye mshahara mdogo anaona pesa kiduchu kwenye akaunti yake, na malipo ya uzazi au ya kukosa kazi yanapigwa kwa hicho kiduchu. Mkipanga mtoto, someni tena sentensi hii.

17. M-Pesa na akaunti za nyumbani?

Msifunge. Ila laini isipotumika muda mrefu inakatwa, na namba za siri za benki zinakuja kwa laini hiyohiyo. Iwekeni kwenye simu ya pili na muijaze hela mara kwa mara.

## Uraia na watoto

18. Mmoja wetu anaweza kuchukua uraia wa Ujerumani na mwingine akabaki?

Ndiyo, na kwetu ndivyo itakavyokuwa. Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu Juni 27, 2024, na mtu anaweza kuomba baada ya kuishi miaka 5. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Mkenya akichukua wa nchi nyingine anatakiwa kuitaarifu serikali ndani ya miezi mitatu. Mume wangu, basi, atakuwa na pasi mbili mfukoni.

Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Nikila kiapo cha Ujerumani, naacha kuwa Mtanzania. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayompa hadhi maalumu mtu mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia wa kwingine. Ni nafuu ya ukaazi na ardhi. Uraia hairudishi. Mama yangu aliniuliza kama nitapanga foleni ya wageni Uwanja wa Julius Nyerere. Sijamjibu.

Kati yenu pia kuna mzani usio sawa. Kenya inampa haki ya kuomba uraia mume au mke wa Mkenya baada ya miaka 7 ya ndoa. Sheria ya uraia ya Tanzania inampa njia hiyo mke wa kigeni wa Mtanzania. Mume wa kigeni haikumtaja.

19. Mtoto akizaliwa huku atakuwa raia wa wapi?

Wa Kenya kwa mzazi mmoja, wa Tanzania kwa mwingine, na wa Ujerumani pia ikiwa mmoja wenu ameishi huku kihalali miaka 5 na ana ukaazi wa kudumu siku ya kuzaliwa. Kuna mtoto wa jamaa zetu mwenye pasi tatu na meno manne. Akifika miaka 18, upande wa Tanzania utamtaka achague. Sharti moja la Tanzania: mzazi ambaye mwenyewe alizaliwa nje na ni raia kwa kurithi, hamrithishi mtoto aliyezaliwa nje.

Mwombeni msajili wa Ujerumani cheti cha kuzaliwa cha kimataifa, na mwamue jina la ukoo kabla ya uchungu kuanza. Msajili anataka jina la ukoo lililo wazi, na mtindo wetu wa jina la baba kisha la babu haumwingii akilini.

## Mambo yakienda mrama, na mengineyo

20. Nikipoteza kazi, sote tunafukuzwa?

Si kesho yake. Mwenye Blue Card anapaswa kuiarifu ofisi ya uhamiaji ya mji ndani ya wiki mbili, kisha anapewa muda wa kutafuta kazi nyingine. Miezi mitatu ndiyo inayozungumzwa. Aliyechangia bima ya kukosa ajira kwa miezi 12 ana haki ya malipo: asilimia 60 ya mshahara wa mkononi, 67 mwenye mtoto.

Kibali cha mwenza kinaning'inia kwenye cha mwenye kazi. Mwenza akipata kazi nzuri, aulize kuhusu kubadili kibali kiwe chake kwa haki yake. Ndoa ikiwa na vibali viwili vinavyosimama vyenyewe, barua ya kuachishwa kazi inatisha nusu.

21. Tukiachana?

Mwenza anapata haki ya kukaa kwa kibali chake mwenyewe mkiwa mmeishi pamoja kama wanandoa huku Ujerumani miaka 3. Miaka ya Nairobi haihesabiwi. Kabla ya hapo kibali kiko hatarini, isipokuwa kwa mtu aliye katika ugumu wa kipekee, na ukatili wa nyumbani umetajwa wazi kwenye sheria. Mwenza asitishwe na maneno ya "nikikuripoti utarudishwa". Kwa wanawake kuna simu ya msaada ya saa 24, namba 116 016, ya bure, yenye wakalimani wa lugha nyingi.

22. Ndugu wanasema mwanaume hamfuati mkewe. Tuwajibu nini?

Hili huulizwa na wanaume, kwa sauti ya chini, mke akiwa ametoka chumbani. Mjomba wa mume wangu alipiga simu Jumapili moja, akauliza kama ni kweli anapika. Mume wangu alikuwa ameshika mwiko. Akamwambia mjomba ni kweli, na leo ni maharage.

Kwa upande wa karatasi, jibu ni kuwa na shughuli yenye ratiba. Kozi ya ujumuishaji ina saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi, ada euro 2.29 kwa saa, na wengine hupunguziwa. Ilimpa mume wangu asubuhi za kutoka nyumbani na watu wasionijua mimi. Hilo la pili lilimfaa kuliko la kwanza.

23. Mume ana wake wawili. Wote wanaweza kuja?

Hapana. Mke mmoja akishaishi naye Ujerumani, wa pili hapati viza ya kuungana naye, hata kama ndoa zote mbili ni halali Tanzania au Kenya. Watoto wao wanaangaliwa peke yao.

24. Tunaweza kuwaleta wazazi?

Kuna mlango, ila mwembamba. Mtaalamu aliyepata kibali chake cha kwanza, kikiwemo Blue Card, tarehe 1 Machi 2024 au baadaye anaweza kuomba kuwaleta wazazi wake, na pia wakwe ikiwa mwenza wake anaishi Ujerumani. Kinachokwamisha ni bima ya afya: mzee wa miaka 70 haingii kwenye bima yenu ya familia, na ya binafsi kwa umri huo inakula mshahara. Ombeni bei ya bima kwanza, kabla ya kumwambia mama aanze kufunga mizigo.

25. Tukiamua kurudi Afrika Mashariki, michango yetu ya pensheni inapotea?

Haipotei. Mtanzania au Mkenya aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kudai arudishiwe sehemu yake, ile aliyokatwa yeye, baada ya kupita miezi 24 tangu michango yake ya lazima ikome, akiwa anaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Sehemu ya mwajiri inabaki. Aliyefikisha miezi 60 aulize kwanza kabla ya kudai. Anaweza kusubiri pensheni yenyewe uzeeni. Kila mmoja anadai kwa namba yake, kwa hiyo ile barua ya bima ya jamii mliyoipata wiki za kwanza msiitupe.

Mkirudi, mmoja wenu atakuwa mgeni tena: Mkenya Dar au Mtanzania Nairobi, kwa kibali cha mtegemezi, na akitaka kazi anaomba kibali kingine. Sisi tumekwisha kubishana ni yupi. Mume wangu anasema zamu yangu, maana yeye kamaliza ya kwake.